Gari Linapotetemeka na Mwenyewe Hasikizwi



Wiki hii twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa ni la mafundi na gereji, lisilo na mahali katika ukurasa wa familia. Twazungumza juu ya giaboksi ya gari la otomatiki. Lakini nyumba nyingi za jamaa zetu, sisi tulioko huku Nairobi na nyinyi mlioko Mombasa, Malindi na Lamu, siku hizi zina gari dogo la Kijapani lililokwisha tumika, na mara nyingi anayeshika usukani asubuhi na jioni ni mama. Ndiye apelekaye watoto skuli, ndiye aendaye sokoni, ndiye ampelekaye bibi hospitali. Gari likikatika njiani, anayebaki barabarani na watoto ni yeye. Basi jambo hili ni la nyumba, na la nyumba ndilo letu.

Tuanze na yaliyotufika sisi wenyewe.

Mdogo wetu akaa Kawangware, upande unaopakana na Lavington. Kila asubuhi hushuka mjini na watoto wake wawili, akawaacha skuli, kisha akaenda kazini katika duka la vitambaa lililo Biashara Street, si mbali na Msikiti wa Jamia. Jioni huwachukua watoto madrasa na kurudi nao. Gari lao, ambalo sisi tulichangia nusu ya bei yake na kulitumia siku za mwisho wa wiki, lilikuwa na umri wa miaka 13. Jina la kampuni iliyoliunda hatutalitaja, kwani tatizo lenyewe si la kampuni moja.

Mwanzo wa mwaka alianza kulalamika. Alisema kila aondoapo mguu kwenye breki asubuhi, gari hutetemeka kama mtu mwenye homa, kisha hutulia. Alisema pia kwamba jioni, foleni ikiwa ndefu na gari limekwisha pata moto, mtetemeko hurudi, na injini hupiga kelele kabla gari halijasogea. Mumewe akamwambia, "Wakanyaga mafuta kwa pupa." Fundi wa karibu na Dagoretti Corner alilizungusha gari mara moja adhuhuri, barabara ikiwa tupu, akarudi na kusema, "Gari halina neno, mama. Ni uendeshaji tu." Fundi wa pili, wa mjini, hakulifungua wala hakulipima. Alisikiza maneno mawili, akasema giaboksi imekufa, zitolewe shilingi 75,000 atie nyingine iliyotoka Japani.

Nasi, twakiri mbele yenu, tulikuwa upande wa fundi wa kwanza. Tulilichukua gari Jumapili, tukaenda nalo hadi Westlands na kurudi, halikutetemeka. Tukamwambia mdogo wetu, kwa ile sauti ya mkubwa, ajifunze kukanyaga taratibu. Akanyamaza. Tangu siku ile hakutaja tena habari ya gari, nasi tukadhani limepona.

Ilikuwa siku ya Alhamisi, karibu na Maghribi, mvua ikinyesha. Alikuwa akipanda Valley Road kutoka mjini, watoto wakiwa nyuma. Wanaoijua barabara ile wajua mwinuko wake, na wajua foleni ya saa ile. Magari ya mbele yaliposogea, alikanyaga mafuta. Injini ikanguruma, gari halikwenda. Akakanyaga zaidi, likatetemeka, kisha likaanza kurudi nyuma, na nyuma yake kuna matatu iliyojaa watu. Alivuta breki ya mkono, akawasha taa za hatari, akaketi vivyo hivyo akitetemeka yeye sasa. Utingo wa matatu ile ndiye aliyeshuka na wenziwe wakalisukuma gari kando. Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Hakuna aliyeumia. Lakini usiku ule alipofika nyumbani kwa teksi, jambo la kwanza alilotuambia halikuwa habari ya mvua wala ya watoto. Alisema, "Niliwaambia."

Hatukuwa na jibu, na mpaka leo hatuna.

Kesho yake gari lilibebwa juu ya lori hadi kwa fundi mmoja mzee wa Ngara, tuliyeelekezwa na jamaa. Mzee huyu hakuanza na bei, alianza na maswali. Alimwuliza mdogo wetu, si sisi: "Latetemeka likiwa baridi au likiwa moto? Likienda mbele tu, au na likirudi nyuma? Lilianza lini? Na kabla ya kuanza, lilitiwa oili gani?" Mdogo wetu alijibu yote bila kusita, kwani alikuwa ameyaona yote kwa miezi mitatu. Kwa swali la mwisho alifungua mkoba akatoa risiti. Wiki tatu kabla ya mtetemeko wa kwanza, gari lilipofanyiwa huduma, vijana wa gereji walimwaga oili ya giaboksi na kutia ile nyekundu ya kawaida ya magari ya otomatiki. Mzee akaitazama risiti, akatikisa kichwa. "Hii si oili ya gari hili," akasema. "Mwanangu, hujakosea kuendesha."

Hapa yafaa tueleze kidogo, maana wengi wetu twaendesha magari haya bila kujua kilichomo ndani yake.

Gari la otomatiki si la aina moja. La zamani lina gia nne au zaidi, na kati ya injini na giaboksi kuna chombo cha duara kilichojaa oili, kinachopokeza nguvu ya injini kwa msukumo wa oili hiyo. Gia zikibadilika, mwendeshaji huhisi mguso mdogo. Aina ya pili, ambayo ndiyo iliyoenea sana katika magari madogo ya Kijapani ya miaka ya 2000 na kuendelea, yaitwa CVT. Hii haina gia za kupanda moja baada ya moja. Ina puli mbili na mkanda wa chuma unaozunguka kati yake. Puli hizo hujibana na kujitanua, na kwa kufanya hivyo mkanda hupanda au kushuka, mwendo ukabadilika bila mguso wowote. Wazo hili si geni. Mholanzi Hub van Doorne alilitumia katika gari dogo la DAF mwaka 1958, wakati huo kwa mikanda ya mpira. Mkanda wa chuma ulikuja baadaye, na mwaka 1987 Subaru iliutumia katika gari lake dogo la Justy. Honda ilipoanza kuuza Fit nchini Japani mwaka 2001, nalo lilikuwa na CVT, na Nissan na Toyota zikaeneza giaboksi za namna hiyo katika magari yao madogo. Sababu ni njema: hutumia mafuta kidogo.

Lakini mkanda wa chuma juu ya puli za chuma wataka oili ya namna yake. Oili hiyo ina kazi mbili zinazoonekana kupingana: kulainisha chuma kisilike, na wakati huohuo kuuacha mkanda ushike puli usiteleze. Oili ya kawaida ya otomatiki haikuundwa kwa kazi hiyo. Ikitiwa, mkanda huteleza kidogo kidogo, klachi ya kuondokea hushika na kuachia, na hapo ndipo mtetemeko huzaliwa. Kila mtelezo hukwangua chuma, na unga wa chuma huingia katika oili na kuziba njia zake nyembamba. Kwa hiyo kosa la siku moja laweza kuendelea kula giaboksi kwa miezi.

Kila kampuni ina oili yake. Honda kwa CVT zake za zamani iliagiza ile iitwayo HMMF, na baadaye HCF-2. Nissan iliagiza NS-2, kisha NS-3. Toyota ina Type T-IV na WS kwa magari ya gia za kawaida, na nyingine mbali kwa CVT. Na jueni kwamba hata magari mawili yenye jina moja na umbo moja yaweza kuwa na giaboksi tofauti, kwa kutegemea mwaka na ukubwa wa injini. Rangi si dalili ya kutegemea. Jina la oili laandikwa katika kitabu cha gari, na mara nyingine kwenye kijiti cha kupimia oili. Kwa kuwa magari haya yametumika Japani, kitabu chake aghalabu ni cha Kijapani, na wengi hukitupa. Tusikitupe. Fundi mzuri atazitambua herufi NS-2 hata kama maneno mengine hayajui.

Mji wa Nairobi nao una mtihani wake. Uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na upande wa magharibi nchi yazidi kupanda kuelekea Kikuyu na Limuru. Anayekaa Kawangware, Kangemi au Uthiru hurudi nyumbani kila jioni akipanda, tena katika foleni ya kwenda na kusimama. Kusimama na kuondoka juu ya mwinuko, mara mia katika safari moja, huitia oili joto, na oili ikichemka mara nyingi hupoteza nguvu zake. Huko kwetu pwani hakuna milima, lakini kuna joto la hewa na foleni za Likoni na Nyali, na matokeo hayapishani sana. Kwa hiyo anayeambiwa kwamba oili ya giaboksi haibadilishwi maisha, na ajiulize: maisha ya nani? Gari likiwa limefanya kazi miaka kadhaa Japani, na miaka mingine katika foleni zetu, oili hiyo yataka kutazamwa.

Turudi kwa mzee wa Ngara. Kabla ya kuigusa giaboksi, alipima kwanza mambo mengine. Alitueleza kwamba plagi iliyochoka, koili ya moto iliyoharibika au mpira wa kushikia injini uliokatika huweza kulitetemesha gari vilevile, na watu wengi wamenunua giaboksi ilhali ugonjwa ulikuwa wa plagi. Aliunganisha kompyuta yake ndogo akasoma alama za makosa. Kisha alifungua oili. Ilikuwa nyeusi na yanuka kama kitu kilichoungua. Akaimwaga, akasafisha sehemu ya chini na sumaku zinazonasa unga wa chuma, akabadilisha chujio, akatia oili inayostahiki. Baada ya wiki moja akaimwaga hiyo nayo na kutia nyingine, ili mabaki ya ile mbaya yapungue.

Gari lilipata nafuu kubwa. Liliweza kupanda Valley Road bila kusita. Lakini mzee hakutudanganya. Alisema, "Oili imebadilishwa, ila chuma kilichokwisha lika hakirudi. Asubuhi litawatikisa kidogo. Laweza kwenda mwaka, laweza kwenda miaka mitatu. Siku moja litataka giaboksi." Maneno haya hayakutupendeza, lakini yalikuwa ya kweli, na mtu wa kweli ni hazina.

Baadaye tulisoma habari moja ya mbali iliyotufanya tumkumbuke mdogo wetu. Huko Australia, watu wengi walionunua magari madogo ya Ford, yakiwemo Fiesta na Focus yenye giaboksi ya klachi mbili iitwayo PowerShift, walilalamika kwamba magari yao hutetemeka na kupoteza nguvu. Wengi wao waliambiwa kwamba sababu ni namna wanavyoendesha. Tume ya Australia ya kulinda wanunuzi ilipeleka kesi mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama ya Shirikisho iliamuru Ford ya nchi hiyo kulipa dola milioni 10 za Australia kwa jinsi ilivyowatendea walalamikaji wale. Yaani watu walioketi ndani ya gari kila siku walikuwa wakisema kweli, na aliyekuwa na ujuzi alikuwa akiwarudishia lawama.

Na huko Marekani, Nissan iliongeza muda wa dhamana ya giaboksi za CVT za magari yake ya miaka 2003 hadi 2010, ukafika miaka 10 au maili 120,000, ambazo ni kama kilomita 193,000. Lakini dhamana ya namna hiyo haivuki bahari pamoja na gari lililotumika. Sheria ya Kenya, kupitia kiwango cha KS 1515, hairuhusu kuingizwa gari lililopita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na magari hukaguliwa kabla ya kusafirishwa. Hilo ni jema, ila gari lenye miaka 7 linaposhuka bandarini Kilindini huwa limekwisha ishi nusu ya umri wake, na likiuzwa mara ya pili na ya tatu humu nchini, hakuna aliyebaki wa kulaumiwa ila mwenye kulishika. Hapo ndipo linapoingia jambo kubwa zaidi ya giaboksi.

Miezi mitano baadaye tuliamua kuliuza. Tulitaka shilingi 520,000. Alikuja mwalimu mmoja wa kike kutoka Uthiru, mama wa watoto watatu, amechanga fedha zake kwa muda mrefu. Alikuja alasiri, gari likiwa limekwisha pata moto wa wastani, nalo lilikwenda kama maji. Akalipenda. Tulipoingia ndani kuandaa chai, sisi na shemeji yetu tulinong'ona. Tulisema: gari ni zima kwa sasa, yeye ana macho, na alete fundi wake akitaka. Sheria ya mauzo ya nchi hii, Sura ya 31, inayofuata mfano wa Waingereza, kwa sehemu kubwa humwachia mnunuzi jukumu la kujitazamia. Basi tusiseme uongo, ila tusiseme neno. Shilingi tunazozungumzia zilikuwa karo ya watoto, nasi tulikuwa na haja nazo.

Mdogo wetu alikuwa akimimina chai. Akaweka birika chini, akasema kwa sauti ya chini, "Mimi niliposema gari latetemeka, hakuna aliyenisadiki. Leo mwataka niseme halitetemeki?" Tukasema hatukutaka aseme hivyo, twataka anyamaze tu. Akasema, "Na yeye atakapopanda Kangemi na watoto wake, likarudi nyuma, ataambiwa ni uendeshaji wake."

Hayo yalitosha. Nasi, ndugu wasomaji, hatuhitaji kufundishwa hukumu yake. Sote tumesomeshwa madrasa kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akatia mkono ndani ya lundo la nafaka, akakuta chini yake kuna maji, na akamwuliza mwuzaji kwa nini asiuweke ule uliolowa juu watu wauone. Wanazuoni wetu wakajenga juu yake mlango mzima wa khiyari ya aibu, ambao humpa mnunuzi haki ya kurudisha kitu akikuta ndani yake ila iliyofichwa. Gari linalotetemeka asubuhi tu, likauzwa alasiri, ni nafaka iliyolowa chini. Hatukuwa tumeligusa lundo kwa maneno, lakini saa ya kumwita mnunuzi tulikuwa tumeichagua sisi.

Tulimweleza mwalimu yote: oili mbaya, Valley Road, mzee wa Ngara na alivyosema. Tulimpa risiti zote mbili. Alinyamaza, akatushukuru, akaondoka bila kumaliza chai yake. Tulidhani tumempoteza. Baada ya siku mbili alirudi saa kumi na mbili na nusu asubuhi na fundi wake, gari likiwa baridi, akaliendesha mwenyewe hadi Uthiru na kurudi. Akasema atalichukua kwa 440,000, na zile 80,000 ataziweka kando, siku ya giaboksi ikifika awe nazo. Tulikubali. Umiliki ukahamishwa katika mfumo wa NTSA siku ileile, na mdogo wetu akabandika ndani ya boneti kikaratasi chenye jina la oili kwa herufi kubwa.

Shilingi 80,000 zilituuma, hatutasema hazikutuuma. Lakini wahenga wetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa mauti yangeweza kuwa ya mtu mwingine.

Basi kwa kila mama na kila familia yenye gari la namna hii, twaacha nasaha hizi.

Kwanza, juu ya kusikia. Anayeendesha gari kila siku akisema limebadilika, asadikiwe kwanza, kisha lipimwe. Naye aandike: ni saa ngapi, gari ni baridi au moto, ni mwinuko au tambarare, ni mbele au nyuma. Fundi apewe karatasi hiyo, na aketishwe ndani ya gari katika hali ileile. Gari linalotetemeka alfajiri lipelekwe kwa fundi alfajiri, au lilale kwake.

Pili, dalili zenyewe. Mtetemeko wa kuondokea, kuchelewa kushika baada ya kutia D au R, injini kupanda sauti bila gari kuongeza mwendo, mlio mwembamba unaofuata kasi ya gari, na gari kukataa kwenda ila polepole hata ukikanyaga. Hili la mwisho mara nyingi ni kompyuta ya gari inayojikinga isiharibike zaidi. Ukiona hivyo usilazimishe. Likibidi kubebwa, gari linalosukumwa na magurudumu ya mbele lisikokotwe magurudumu hayo yakiwa chini. Libebwe juu ya lori, au liinuliwe mbele.

Tatu, uendeshaji unaosaidia. Simama kabisa kabla ya kutoka D kwenda R. Juu ya mwinuko, lishikilie gari kwa breki, wala usilizuie lisirudi nyuma kwa kugusagusa mafuta. Ukiegesha mlimani, kanyaga breki, vuta breki ya mkono, ndipo utie P, ili uzito wote usiiangukie giaboksi. Wala usishuke mteremko kwa N ukidhani waokoa mafuta; wajinyima msaada wa injini katika kulizuia gari.

Nne, oili. Siku ya huduma, jina la oili litajwe kabla chombo hakijafunguliwa, na mkebe wake uoneshwe. Ukiambiwa "hizi zote ni moja", ondoka na gari lako.

Tano, kununua. Mwambie mwenye gari asiliwashe kabla hujafika, na uiguse boneti kwa mkono. Liendeshe likiwa baridi, kisha uendelee nusu saa likipata moto. Lipandishe mlima mbele, na ulipandishe kinyumenyume. Omba risiti za huduma, na karatasi za ukaguzi za Japani zinazoonyesha kilomita, uzilinganishe na zilizo kwenye dashibodi. Nenda na fundi wako, si wa mwuzaji.

Sita, kuuza. Sema ilivyo.

Mwezi uliopita simu ililia nyumbani kwa mdogo wetu. Alikuwa ni yule mwalimu. Yuko gereji, vijana wanataka kumtilia oili nyekundu, wanamwambia zote ni moja. Amefungua boneti akaona kikaratasi, naye ataka tu kuhakikisha. Mdogo wetu akamwambia ahakikishe ni ile iliyoandikwa pale, wala asikubali nyingine. Wakasalimiana, wakaulizana habari za watoto, wakaagana.

Tulikuwa tumeketi karibu, tukasikia yote. Safari hii hatukuwa na la kuongeza.